Kengele Ikidanganya, Fuata Waya Wake

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Morogoro mbele ya mafundi umeme na mafundi wa vipimo kutoka viwanda mbalimbali. Wenzetu waliokuwa zamu siku ile wameomba niyaweke yote. Michoro na picha nimeziacha. Palipokuwa na mchoro nimeeleza kwa maneno.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Najua wapo waliotoka zamu ya usiku wakaja hapa moja kwa moja bila hata kupitia nyumbani. Hao wakisinzia tuwaache, tusiwapigie king'ora.

Nianze na swali. Nani hapa, kiwandani kwake, ana kengele ambayo ikilia opereta ananyoosha mkono na kuizima bila hata kuinua macho? Nyoosheni mikono bila aibu. Naam, karibu ukumbi mzima.

Sasa swali la pili. Nani hapa ana kengele ambayo haijalia tangu ifungwe, na anaweza kuapa kwamba siku ikihitajika italia?

Mikono imeshuka. Hilo swali la pili ndilo lililonitoa kwangu asubuhi hii.

Tukitaja kelele za umeme, yaani ule umeme usioalikwa unaoingia kwenye waya wa kipimo, kila mtu anawaza kengele inayolia bure. Ni kweli, inalia bure. Lakini umeme uleule unaoliza kengele bila sababu unaweza pia kuishika kengele isilie wakati sababu ipo. Na inayolia bure angalau inakusumbua, unajua ina ugonjwa. Hii nyingine imetulia, taa yake ni ya kijani, mkaguzi anapita anaipigia tiki.

Kabla ya kugusa waya, nieleze kwa nini jambo hili lina uzito. Tarehe 24 Julai 1994, siku ya Jumapili, radi zilipiga karibu na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco kule Milford Haven, Wales. Umeme ukayumba, mitambo ikavurugika. Kwa saa kadhaa waendesha mitambo walihangaika kuirudisha kwenye mstari. Kulikuwa na valvu iliyofunga huku mfumo ukiwaonyesha kwamba iko wazi, na mafuta yakazidi kuingia mahali ambapo hayakuwa na pa kutokea. Mchana, saa saba na dakika 23, kiwanda kikalipuka. Watu 26 waliumia, na bahati yao ilikuwa Jumapili, maana siku ya kazi pale pangekuwa na watu wengi zaidi. Wachunguzi walipohesabu walikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, kengele 275 ziliwalilia waendesha mitambo wawili.

Kengele 275 kwa dakika 11. Gawanyeni wenyewe: inapata moja kila sekunde mbili na nusu hivi. Mtu gani anaweza kusoma hizo? Mtu gani anaweza hata kuzinyamazisha?

Nieleweke vizuri. Chanzo cha Milford Haven hakikuwa waya uliopitishwa mahali pabaya, na sitaki mtu atoke hapa akisema mzee yule kasema hivyo. Naitaja kwa ajili ya hiyo 275. Baada yake Waingereza waliandika mwongozo wa kengele za mitambo, EEMUA 191, uliotoka mwaka 1999, na ndani yake kuna kipimo ambacho kila fundi anapaswa kukijua: mitambo ikiwa imetulia, opereta mmoja apate kwa wastani kengele isiyozidi moja kila dakika 10. Sasa wewe, kila ukiwasha pampu kubwa paneli yako inatema kengele tatu za uongo. Akiba ya usikivu wa opereta wako umeimaliza kabla tatizo lenyewe halijafika.

Basi tuingie kwenye trei ya kebo, ile njia ya bati inayobeba nyaya, maana huko ndiko uongo unakoingilia.

Mafundi wa vipimo, mnaijua thamokapo ya aina K, kile kihisi cha joto cha waya mbili. Kila digrii moja ya joto inazaa kama mikrovolti 41. Hebu pigeni hesabu: milivolti 4 ni takriban digrii 100. Milivolti 4! Waya wa nguvu ulio jirani na wewe una volti 400. Akidondosha kipande kidogo tu cha alichonacho, wewe umesoma moto ambao haupo.

Kiwanda kimoja cha sukari, jina lake halina kazi hapa, walifunga inveta, kifaa cha kubadili mwendo wa mota, kwenye feni ya kuvuta moshi wa boila. Kazi nzuri, umeme ukapungua, mkurugenzi akafurahi. Wiki hiyohiyo kengele ya joto la beringi ya feni ikaanza vituko. Feni ikienda taratibu, beringi inasoma digrii 55. Feni ikiongezwa mwendo, beringi inasoma 140 na kengele inalia. Mtu anapanda ngazi, anaweka mkono kwenye nyumba ya beringi: vuguvugu, ya kawaida kabisa. Wakabadilisha thamokapo. Wakabadilisha kadi ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, na bei ya kadi mnaijua. Wakampigia simu muuzaji wa inveta, naye akasema inveta yake haina shida, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Nilipofika niliomba kitu kimoja tu: tuufuate waya wa thamokapo kutoka kwenye beringi mpaka kwenye paneli, kwa miguu, kwa macho, bila mchoro. Mchoro unakuonyesha waya umeanzia wapi na umeishia wapi. Haukuonyeshi umelala na nani njiani.

Tukaukuta. Ulikuwa umepanda kwenye trei moja na kebo ya mota ya inveta, ukaandamana nayo urefu wote wa jengo la boila, umefungwa pamoja nayo kwa taye za plastiki, taye kila baada ya hatua moja, umenyooka, hakuna uliopinda. Fundi aliyeufunga ni hodari wa mkono, nawaambia. Kazi ilipendeza machoni, na uzuri huohuo ndio uliokuwa ugonjwa, kwa sababu waya mbili kadiri zinavyobanana na kadiri zinavyoandamana kwa urefu, ndivyo umeme unavyoruka kutoka moja kwenda nyingine. Waya uliotupwa ovyo, ukakatiza huku na kule, ungepokea kelele kidogo kuliko ule.

Kwa nini inveta hasa? Kwa sababu haimpi mota umeme laini wa hezi 50. Inaukatakata umeme mara elfu kadhaa kwa sekunde, kilohezi 2 mpaka 16 kutegemea ilivyopangwa, na kila mkato unapanda kwa kasi ya ajabu, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kila mkato unasukuma mkondo mdogo kutoka kwenye kebo ya mota kwenda kwenye chuma chochote kilicho karibu, na mkondo huo lazima urudi ulikotoka. Usipoupa njia fupi ya kurudia utajitafutia njia wenyewe: kwenye trei, kwenye ethi ya jengo (waya wa kwenda ardhini), kwenye waya wako wa kipimo.

Tiba yake ilikuwa ya kawaida tu. Waya wa thamokapo ulihamishiwa trei yake upande wa pili wa boriti. Kebo ya mota ikabadilishwa ikawekwa yenye ngao ya nyaya za shaba zilizosukwa, na ngao hiyo ikabanwa mduara mzima pande zote mbili, kwenye mota na kwenye inveta, ili ule mkondo uwe na njia fupi ya kurudi nyumbani. Nasema mduara mzima. Nimeona mafundi wanaichambua ngao, wanaisokota mkia mrefu, wanaupeleka kwenye skrubu ya ethi pembeni. Kwa hezi 50 mkia ule ungefaa. Kwa mikato ya inveta, mkia ule ni kizuizi, mkondo unaukataa.

Kama hamtashika kingine chochote leo, shikeni haya ya njia. Waya wa kipimo na kebo ya nguvu viachane angalau sentimita 30, na kebo ikiwa ya mkondo mkubwa au ya inveta, ongezeni. Vikilazimika kukutana, vikatizane kwa pembe mraba kisha kila kimoja kiende zake. Ikiwa trei ni moja na hakuna ujanja, wekeni bati la chuma katikati na lifungwe ethi. Ndani ya paneli pia, jamani! Watu wanatenganisha nje mita mia mbili, halafu wakifika ndani ya paneli wanazirundika zote kwenye mfereji mmoja wa plastiki.

Kuna kosa lingine la njia ambalo halionekani kwa urahisi. Umetumwa kuongeza swichi ya kengele kwenye tanki. Kebo iliyopo imebakiza kiini kimoja tu. Kebo ya jirani, inayopita upande mwingine wa jengo, ina kiini cha akiba. Unachukua kwenda hapa na kurudi kule. Multimita inalia pii, kazi imekwisha, unakwenda kunywa chai. Umefanya nini? Umechora duara kubwa la waya kuzunguka jengo zima, na kila mota, kila transfoma iliyo ndani ya duara hilo inalijaza umeme. Kwenda na kurudi lazima vikae pamoja, na vikae vimesokotwa, kama nyuzi za kamba ya katani. Vikisokotwa, kelele inayoingia kwenye msokoto mmoja inaingia kinyume kwenye msokoto unaofuata, zinauana. Karatasi ya alumini iliyozunguka kebo haizuii sumaku ya hezi 50, msidanganyike na mng'aro wake. Msokoto ndio unaozuia.

Hapohapo niseme neno juu ya miliampea 4 mpaka 20, ule mkondo unaobeba usomaji kutoka kwenye kipimo mpaka paneli. Kuna vijana wananiuliza, mzee, mbona tusitumie volti 0 mpaka 10, ni rahisi? Volti ikisafiri mbali kila kelele inajiongeza juu yake. Mkondo hausumbuki hivyo, kwa sababu kifaa kule mwisho kinashikilia mkondo wake hata volti za njiani zikiyumba. Na kile kiwango cha chini cha 4 ni zawadi: waya ukikatika mkondo unakuwa sifuri, na sifuri si kipimo, ni taarifa ya ugonjwa. Pangeni PLC zenu zilie kwa chini ya 3.6. Nimekuta mahali pengi mno zimepangwa zisome sifuri kama tanki tupu.

Sasa ngao ya waya wa kipimo. Hapa ndipo mafundi wanapogombana, na wote wawili wanaogombana huwa na haki nusu.

Kwenye kebo ya mota ya inveta nimewaambia ngao ifungwe pande zote mbili. Kwenye kebo ya kipimo cha kawaida, kinachokwenda polepole, ngao ifungwe ethi upande mmoja tu, na kwa desturi ni upande wa paneli. Kwa nini tofauti? Kwa sababu ethi mbili zilizo mbalimbali hazilingani. Vyuma mlivyopigilia chini mnaviita vyote ethi, lakini kati ya kimoja na kingine kuna volti. Ukiziunganisha kwa ngao yako, umeweka daraja, na mkondo utavuka daraja.

Bohari moja ya mafuta pwani ilikuwa na vipimo vya matanki, paneli iko jengo la ofisi, matanki yako mbali uwanjani. Ngao zilifungwa pande zote mbili, kwa nia njema. Jioni, taa kubwa za uwanja zikiwashwa, usomaji wa matanki mawili unacheza na kengele ya kujaa inalia na kunyamaza, inalia na kunyamaza. Mchana hakuna kitu. Tulishika ngao peke yake kwa klampu mita, kipimo cha mkondo kinachobana waya, tukangoja taa ziwashwe. Zilipowashwa, mshale wa klampu ukainuka. Ngao ile, nyembamba vile, ilikuwa inabeba mkondo wa kurudi wa taa za uwanja! Na sababu ilikuwa chini kabisa: kamba ya ethi ya nguzo za taa ilikuwa imeliwa na chumvi, klampu imekuwa unga wa kijani. Umeme ulikosa njia yake ukachukua ya kwetu. Tuliachia ngao upande wa matanki, tukaifunika vizuri isiguse chuma, na ethi ya nguzo ikatengenezwa upya. Lingefanyika moja bila jingine, tungekuwa tumeficha ugonjwa tu.

Na hapa naomba mnisikilize kwa masikio yote mawili. Kuna mtu atatoka hapa akisema, kumbe dawa ya kelele ni kuondoa ethi. La! Ninazungumzia ngao ya kipimo. Ethi ya usalama ya mashine, ule waya wa kijani na njano, hauondolewi kwa sababu ya kelele, hauondolewi kwa sababu ya kengele, hauondolewi kwa sababu yoyote. Nimewahi kukuta kompyuta ya chumba cha udhibiti imevunjwa pini ya ethi kwenye plagi kwa sababu "ilikuwa inaleta noizi". Aliyefanya vile alitibu skrini akamwacha mwenzake aguse kasha lenye umeme. Na hata ngao yenyewe, kabla hujaiachia, ichukulie kwamba ina umeme mpaka upime.

Mnaotoka Kanda ya Ziwa, Mwanza, Bukoba, na ndugu zetu wa Kisumu na Entebbe, nyinyi mna lenu la ziada. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi duniani. Waya wa kipimo unaotoka jengo moja kwenda jingine, wekeeni kinga ya radi pande zote mbili, si upande wa paneli peke yake. Na kama mradi ni mpya na bajeti inaruhusu, kati ya majengo wekeni faiba, ule uzi unaopitisha mwanga badala ya umeme. Faiba haina shaba, radi haina cha kupitia. Bei yake siku hizi si ile ya zamani, wasimamizi wasitutishe.

Haya. Sasa tumefika kwenye ile kengele isiyolia.

Tanki la maji kwenye kilima, paneli bondeni, kebo ya kontroli kama nusu kilomita. Mfumo wa volti 230, wa zamani. Mtengenezaji alifikiri vizuri: swichi ya floti, yaani boya linaloelea, imefunga wakati wote, relei ya paneli, swichi inayovutwa na koili yenye umeme, imevuta wakati wote, maji yakijaa floti inafungua, relei inaachia, kengele inalia. Waya ukikatika, pia inalia. Ndivyo tunavyofundishwa, na ni sahihi. Siku moja tanki likafurika usiku kucha, maji yakashuka kilimani yakaingia stoo. Kengele kimya. Fundi alipanda asubuhi, akakuta floti imefungua kama inavyotakiwa. Akapima waya uliorudi bondeni: volti tisini na kitu. Kwenye waya uliofunguliwa! Wakahukumu kwamba kebo imeingia maji, ikaandikwa ombi la kununua mpya.

Kebo haikuwa na kosa. Ndugu zangu, nyaya mbili zikilala sambamba ndani ya kebo moja ni kapasita, yaani umeme wa AC unavuka kati yake bila nyaya kugusana. Chukueni mikrofaradi 0.1 kwa kilomita, na nyingine zinazidi hapo. Nusu kilomita ni 0.05. Kwa hezi 50 kapasita hiyo ina kizuizi cha karibu ohm 64,000. Volti 230 gawanya kwa 64,000, unapata karibu miliampea 3.6. Zile relei ndogo za kuchomeka kwenye soketi, za volti 230, zinakula miliampea ngapi? Kama 5 hivi. Na relei ikishavuta, mnajua, inahitaji mkondo mdogo kubaki imevuta kuliko ule wa kuivutia. Kwa hiyo floti imefungua, waya umekatwa kule juu, lakini umeme unavuka kutoka kiini kwenda kiini urefu wote wa kilima, nao unatosha kuishika relei. Relei haiachii. Kengele hailii.

Mmeona hatari yake? Hakuna kilichoharibika. Ukichomoa relei ukaipima ni nzima. Ukipima kebo kwa mega, kipimo cha insulesheni, ni nzima. Floti ni nzima. Kila kitu ni kizima na kengele ni maiti.

Hata nyumbani mnaiona: taa ya LED umeizima na bado inafifia usiku kucha haitaki kuzima kabisa. Ni jambo lilelile, ila kule hakuna tanki.

Tiba? Iliyo bora ni kuacha volti 230 za AC kwenye masafa marefu na kutumia volti 24 za DC, kwa sababu DC iliyotulia haivuki kapasita. Kama mfumo ni wa zamani na haubadiliki leo, weka rezista sambamba na koili ya relei, inywe ule mkondo uliovuka. Kilo-ohm 10 inashusha volti za mzuka, hizo zilizovuka, mpaka chini ya 40, na relei inaachia. Lakini angalieni joto: kilo-ohm 10 kwenye volti 230 inatoa wati 5.3 muda wote, kwa hiyo wekeni ya wati 10, mbali na plastiki. Na fundi asipime volti za namna hii kwa multimita ya dijitali peke yake. Ile haivuti mkondo, inaona mzuka inauita umeme. Tumia kipimo chenye kuweka mzigo, mzuka utaanguka mbele ya macho yako.

Kuna binamu wa tatizo hili, na tunamtengeneza sisi wenyewe kwa mikono yetu. Koili ya kontakta (swichi kubwa ya kuwashia mota) au solenoidi (sumaku ya umeme ya kusukuma valvu) inapokatwa umeme, inapiga teke: volti mia kadhaa, wakati mwingine zinapita elfu, kwa muda mfupi sana. Teke hilo linaruka kwenye nyaya za kengele. Dawa inajulikana. Kwa DC, diodi kinyume juu ya koili, hata 1N4007 ya bei ya chai inatosha kwa koili ndogo. Kwa AC, rezista ya ohm 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa mstari, na zifungwe palepale kwenye koili, si mwisho wa pili wa waya. Lakini wengine, kwa kuwa ni rahisi kufikia, wanaifunga juu ya kontakti badala ya koili. Kontakti ikifungua, kapasita bado ipo pale, inapitisha. Mikrofaradi 0.1 kwa volti 230 ni zaidi ya miliampea 7. Mnakumbuka relei yetu inayotaka 5? Umeifunga kengele mdomo kwa kifaa ulichokinunua kuondoa kelele.

Na koili msiyoifikiria kabisa ni ya king'ora chenyewe. Nimeona paneli ambapo kengele moja halali ikilia, taa nne nyingine zinawaka. Opereta anadhani kiwanda kinaungua. Ni king'ora cha koili, kinachokata na kuunga mkondo mara nyingi kwa sekunde, kimepewa umeme kutoka kwenye pawa sapulai ileile ya volti 24 inayolisha vipimo. Kipeni king'ora sapulai yake, au kibadilisheni kiwe cha elektroniki.

Sasa wale wa PLC, mmekaa kimya muda mrefu mnatabasamu, mnajua mnachotaka kusema. Mzee, haya yote ya nini? Tunaweka tu cheleweshi kwenye programu, kengele isilie mpaka hali idumu sekunde kadhaa.

Cheleweshi zina mahali pake. Miongozo yenyewe inatoa viwango vya kuanzia: kama sekunde 15 kwa mtiririko na presha, sekunde 60 kwa kina na joto. Ni kwa ajili ya maji yanayochezacheza na presha inayopumua, mambo halisi ya mtambo. Kelele za umeme ni habari nyingine. Ukificha kelele chini ya cheleweshi, kipimo bado ni kibovu, ila sasa kina barakoa. Na sekunde 60 kwenye kina cha maji ya boila, maji yanaposhuka kwa kasi? Nani hapa yuko tayari kusimama mbele ya boila hiyo akihesabu? Mimi naona cheleweshi iliyowekwa kabla mtu hajaufuata waya ni uvivu uliovaa suti. Fuateni waya kwanza. Ukishatoka kwenye trei na mikono ina vumbi, kaa kwenye kompyuta.

Jambo la mwisho, linahusu majaribio siku ya kukabidhi mtambo, na siku za ukaguzi. Paneli nyingi za kengele zina kitufe kimeandikwa TEST. Mkaguzi anakibonyeza, taa zote zinawaka, king'ora kinalia, karatasi inasainiwa. Kitufe kile kimejaribu nini? Taa na king'ora. Waya hakijaugusa. Floti hakijaigusa. Tanki letu la kilimani lilikuwa limefaulu kitufe kile kila mwezi.

Jaribio la kweli linaanzia shambani. Toa taarifa chumba cha udhibiti, hakikisha hutaangusha mtambo, halafu nyanyua floti kwa mkono, chovya thamokapo kwenye maji ya moto, fungua waya kule mwisho kabisa, na mwenzako akae mbele ya paneli akuambie kwa redio koli alichokiona na baada ya sekunde ngapi. Fanya hivyo mota kubwa zikiwa zinazunguka, si siku ya matengenezo ambapo kiwanda kizima kimezimwa na kila waya ni malaika. Washa pampu kubwa kuliko zote, izime, iwashe tena, huku mtu anatazama kengele zote. Na mahali pasipo na gesi wala mvuke wa mafuta, fungua mlango wa paneli, simama na redio koli, bonyeza kuongea. Kama taa itawaka, umepata kazi ya kufanya Jumatatu.

Mimi nimemaliza yangu, tuna nusu saa ya maswali. Kuna mkono kule nyuma umenyooshwa tangu nilipotaja boila. Mzee, karibu, anza wewe.